KUMWENDEA ALIYELALA

Masomo: 1 Samweli 26:1–20, 1 Wafalme 19:4–13, Luka 5:1–11, 2 Timotheo 2:24–26

Neno la Jumapili iliyopita lilikuwa refu, na wengine mlitoka mapema kuwahi feri kabla ya msongamano, kwa hivyo nimeombwa niliandike hapa mlisome nyumbani. Sitaandika yote. Nitaandika lile la wawindaji, maana ndilo watu walinisimamisha mlangoni kuniuliza.

Kwanza niseme wazi, asije mtu akadai mchungaji ametutuma porini. Kuwinda hapa Kenya kumepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haina mzaha hata na mtu aliyetega paa mmoja wa kitoweo. Mimi nataka ile elimu ya wazee tu.

Na elimu hiyo ilikuwa kubwa. Huko nyuma ya Malindi mpaka Tsavo wako ndugu zetu Waata, ambao wengi huwaita Wasanye. Watu hawa walimwinda tembo kwa uta na mshale wa sumu. Hebu fikiria, tembo! Uta wao ulikuwa mgumu, wageni wengi walishindwa kuuvuta. Lakini hata uta mgumu namna gani, mshale si bunduki, lazima umsogelee mnyama mpaka unasikia tumbo lake likinguruma. Katika miaka ya 1950 serikali ya wakoloni iliendesha operesheni kali ya kuwasaka pale Tsavo, wengi wakafungwa. Halafu mwaka 1960 serikali ileile ikaanzisha mpango kule Galana wa kuwaajiri Waata wawinde kihalali. Ujuzi wao ulijulikana ulivyo.

Mimi nimekulia upande wa Ganze. Jirani yetu alikuwa mzee aliyewinda ujanani, nasi watoto tulimwita babu ingawa hakuwa wa ukoo wetu. Jioni tukimzunguka, tulitaka hadithi za wanyama aliowapata. Yeye alipenda kusimulia waliomponyoka. Wale aliowapata alisema alishawala, hakuna la kuongeza. Lakini kulungu mmoja aliyemkimbia kabla mimi sijazaliwa, alimkumbuka mpaka kichaka alicholala.

Sasa wacha niwaeleze kulungu alivyo. Jua likiwa kali hujilaza kichakani, kwenye kivuli kizito, akicheua. Ukimwona utasema amelala fofofo. Mwili umelala, ndiyo, lakini masikio hayalali, yanageuka huku na huku kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Na pua iko kazini. Mara nyingi wewe unapita hatua chache tu karibu naye, naye ametulia tuli anakutazama, anangoja uende zako. Siku utakayomwona, jua kwamba yeye alikuona zamani.

Kosa la kwanza la babu lilikuwa upepo. Alimwona kulungu amelala, akanyata muda mrefu, akiweka kisigino polepole asivunje kijiti. Alikuwa ameanza na upepo ukimpiga usoni, vizuri kabisa. Lakini sisi watu wa Pwani tunajua, alfajiri upepo hutoka bara, jua likipanda hugeuka ukaja kutoka baharini. Babu akaendelea kunyata bila kuupima tena. Wenzake walibeba majivu kidogo kwenye kitambaa, kila baada ya hatua kadhaa wanayapeperusha waone yanaelekea wapi. Yeye alikuwa nayo mfukoni, hakuyatoa. Alipofika, kichaka kitupu. Mnyama hakusikia hatua hata moja, alinusa tu.

Wapendwa, hapa nilisimama sana Jumapili, na nitasimama tena. Kijana ameacha kanisa. Sasa yuko maskani, kutwa nzima amekaa kwenye jiwe na wenzake, muguka shavuni. Wewe unapanga kumwendea kwa upole, umeomba, umefunga. Lakini kabla hujafika, habari yake umeshaipeleka kwa kwaya. Umeitaja kwenye kikundi cha WhatsApp cha maombi, "tumkumbuke ndugu fulani, ameanguka." Unadhani hiyo haimfikii? Hapa Likoni? Kutoka Mtongwe mpaka Shika Adabu habari haihitaji hata bodaboda. Unapomfikia na Biblia yako na sauti yako laini, harufu yako ilishafika juzi. Anakusalimia vizuri, "Shikamoo mama," kisha anakumbuka ana safari. Nawe unarudi kusema moyo wake umekuwa mgumu.

Pima upepo kwanza. Jiulize, mtu huyu ameshasikia nini kutoka kwangu kabla sijamwona?

Kosa la pili babu alilisimulia akicheka. Alimwona swala mmoja, akamkazia macho huyo huyo tu. Hakuona kwamba kando, nyuma ya mti, alikuwapo mwingine amesimama akilinda. Yule akapiga chafya moja ya onyo, kundi zima likatimka. Hili sihitaji kulieleza sana. Ukienda maskani mchana, ukamwita kijana kwa jina lake la ubatizo mbele ya wenzake kumi, ukaanza kulia na kunena, wewe umemwona mmoja tu. Hao kumi ndio watakaomkimbiza. Nikodemo alikuja kwa Bwana usiku, na Bwana hakumwambia arudi kesho mchana mbele ya watu.

Sasa tumtazame Daudi. Sauli alitoka na watu elfu tatu kumtafuta katika nyika ya Zifu. Daudi mwenyewe anamwambia mfalme baadaye kwamba amekuja kumsaka kama mtu anayemwinda kwale milimani, na kwale ni ndege yule yule, ingawa wengi wetu tukisikia jina hilo tunafikiria kaunti jirani. Basi angalieni mambo yanavyogeuka. Anayewindwa ndiye anayemnyatia mwindaji. Daudi hakukurupuka. Alituma wapelelezi kwanza, akaenda mwenyewe akapaona mahali Sauli alipolala na Abneri alipo, kisha akangoja usiku. Aliteremka na mtu mmoja tu, Abishai. Wakapita katikati ya jeshi lililolala mpaka kichwani pa mfalme, mkuki umechomekwa ardhini.

Abishai akaomba ruhusa ya kumchoma pigo moja, hatarudia la pili. Na Abishai alikuwa na hoja, alisema Mungu ndiye aliyemtia adui mkononi. Ndugu, wako akina Abishai wengi makanisani. Mtu akishawekwa mbele yao amelala, hana ulinzi, wanataka kumpiga na mstari mmoja tu wa Biblia, palepale, imalizike. Daudi alikataa. Akachukua mkuki na gudulia la maji, akaondoka, akasimama mbali kilimani ndipo akaita. Kukaribia kote kule, na hakutoa damu.

Hapa ndipo mwindaji wa porini na mwindaji wa Injili wanapoachana njia. Katika Luka sura ya 5, Bwana anamwambia Simoni kwamba tangu sasa atakuwa akivua watu. Neno la Kigiriki lililoandikwa pale ni zogreo, maana yake kumkamata mtu akiwa hai. Samaki anavuliwa afe, mtu anakamatwa aishi. Katika Agano Jipya lote neno hilo limetumika mara mbili tu. Mara ya pili ni 2 Timotheo 2:26, na pale anayekamata ni Ibilisi. Paulo anasema watu wako mtegoni mwake, amewanasa wakiwa hai. Si ndivyo tunavyoona? Vijana wetu hawajafa. Wanatembea, wanacheka, wana simu nzuri, na wamenaswa. Kisha tazama mistari inayotangulia kidogo, Paulo anamwagiza mtumishi wa Bwana asiwe mgomvi, awe mpole kwa watu wote, mwenye kuvumilia. Upole umewekwa jirani kabisa na mtego.

Yuko mama mmoja wa kanisa hili, ameniruhusu niseme bila kumtaja. Mwanawe hajalala nyumbani tangu Agosti. Analala chumba cha rafiki, mchana yuko maskani. Mama alinijia akitaka tuende na mashemasi wanane, mafuta ya upako na spika ndogo, tumtoe pale kwa nguvu za Roho Mtakatifu. Nikamwuliza, mama, mwanao ukimwita kwa sauti kubwa alipokuwa mdogo alikuwa akija au akikimbia? Akanyamaza. Akasema, "Huyu alikuwa akikimbilia kwa bibi yake." Basi, nikamwambia, spika tuiache.

Nikamsimulia jambo la mwisho la babu, ambalo mimi nalithamini kuliko mengine. Mnyama akishatimka, kijana asiyejua humfuata mbio. Babu alisema hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu kulungu asipofuatwa hukimbia kidogo akasimama kusikiliza, na akifuatwa hupotea moja kwa moja. Kaa chini, alisema. Ngoja. Kisha nenda polepole mpaka pale alipokuwa amelala, uweke kiganja kwenye nyasi zilizobonyea, bado zina joto. Ulale wewe hapo chini, utazame anachokitazama yeye. Utaona kwa nini alipachagua. Utaona njia uliyojia ilikuwa wazi kwake tangu mwanzo, na utaona upande ambao asingekuona.

Mama yule akaenda kulala kwenye nyasi, kwa namna ya kusema. Alipita pale maskani akanunua viazi karai kwa mama wa kibanda cha jirani, akaketi, hakumwita mtu. Akagundua mambo ambayo hakuyajua. Kwamba vijana wale huchangishana chakula, hakuna anayeshinda njaa mwenzake akila. Kwamba mwanawe alifiwa na rafiki mwaka jana na hakuna mtu wa kanisani aliyempa pole. Kwamba pale akikohoa anaulizwa kama ameumwa. Nilipomsikia nikakumbuka Eliya chini ya mretemu, amejilaza, anaomba afe. Mungu alimwendeaje? Malaika akamgusa. Mkate juu ya makaa na maji. Akala akalala tena, na hakukemewa kwa kulala. Akaguswa mara ya pili, mkate tena. Mazungumzo mazito yalikuja baadaye sana, kule mlimani, na hata huko upepo, tetemeko na moto vilipita kwanza, Bwana hakuwamo. Sauti iliyomtoa pangoni ilikuwa ya chini.

Sasa mama anapeleka sahani mara mbili kwa wiki, anaiacha kwa yule wa kibanda. Hajasema lolote juu ya kanisa. Juzi sahani ilirudi imeoshwa. Kijana bado hajarudi nyumbani, na sitaki mtu aandike huu kama ushuhuda uliokamilika. Tunaomba.

Kuhusu Jumamosi, basi. Idara ya uinjilisti, tutatoka wawili wawili kama Daudi na Abishai, ila Abishai aache mkuki nyumbani. Hakuna fulana za kanisa wala orodha ya majina, na spika itabaki ofisini. Maskani zetu zina vijana wa Kikristo na wa Kiislamu wameketi jiwe moja, na wazazi wao wote wanaumia sawa, kwa hivyo hatuendi kubishana dini na mtu. Mwenye ndugu yake huko amlete kwenye kesha la Ijumaa kwa jina la kwanza tu, kwenye karatasi iliyokunjwa, na karatasi hizo hazitasomwa kwa sauti. Baada ya kesha zitachomwa. Tutaanza kutembea saa kumi jioni, jua likishapoa. Kina mama wa jikoni, tunaomba mahamri yawe tayari kufikia saa tisa, na yawe mengi kuliko ya mara iliyopita.