Kung fu na Imani ya Mtoto wa Likombe

Mzazi Mwislamu wa kata yetu ya Likombe akisikia kwamba kung fu imetoka kwenye hekalu la Wabudha, ana haki ya kuuliza kama mwanawe ataingizwa kwenye ibada ya watu wengine. Swali hilo ni la imani na halistahili kuchekwa. Ninachoshikilia mimi ni kwamba mchezo haubebi dini ya aliyeuanzisha, unabeba nia na matendo ya anayeucheza. Na hata chanzo chenyewe kina walakini. Hekalu hilo, la Shaolin nchini China, lilianzishwa mwaka 495, na maandishi ya jiwe ya mwaka 728 yanaeleza jinsi watawa wake walivyopigana mwaka 621 upande wa Li Shimin, aliyekuja kuwa mfalme. Hayasemi kwamba Bodhidharma, mtawa wa kutoka India, ndiye aliyewafundisha kupigana. Dai hilo lilienea kutokana na kitabu cha karne ya 17, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Bodhidharma. Kabla ya kitabu hicho Jenerali Qi Jiguang, aliyepambana na maharamia wa pwani, alikwisha kuandika juu ya ngumi kama zoezi la kuwazoesha askari viungo kabla ya kushika silaha. Hapo ibada iko wapi?

Ushahidi mzito zaidi ni Wahui, Waislamu wa China. Mtindo wa chaquan ni wao, na tantui ya mistari 10 wameirithishana kwa vizazi: mwanafunzi anakwenda mbele kwa mstari, anatoa ngumi pamoja na teke la chini lisilopita kiuno, kisha anarudia kwa mguu wa pili. Wang Ziping wa Cangzhou, bingwa mashuhuri aliyefariki 1973, alikuwa Mwislamu.

Vipi kuinamia sanamu ya mwasisi? Hilo nakubali ni ibada, likataliwe. Lakini si teke wala ngumi. Linaondoka na sanaa inabaki. Atakayedai kwamba itabaki mazoezi matupu na atazame Masasi, mkoani kwetu hapa. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ya huko 1926 hadi 1944, alilichukua jando akaweka sala za Kikristo mahali pa matambiko, na vijana wakaendelea kutahiriwa na kufundwa adabu.

Kwa hiyo wazazi, nendeni mkatazame mazoezi wenyewe. Angalieni watoto wanainamia nini, na saa ya sala mwalimu anawaruhusu au hapana. Hayo yakiwa sawa, mwacheni mtoto acheze.