Neema ya Mazoea
Mchezo wa Tetris, aliouvumbua Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, hauna ila maumbo saba, kila moja la miraba minne, yashukayo ili yapangwe. Walakini yuko mtu mwenye michezo mipya tele ambaye jioni, akili imekwisha kuchoka, huurejea huo huo wa kale, akingoja lile umbo refu lishuke wima, lizibe pengo, na safu nne zifutike kwa mpigo mmoja. Tusimdhanie mvivu. Mchezo mpya hudai taalimu, na saa nyingi za kushindwa kabla ya furaha. Ule wa zamani vidole vimekwisha kuuhifadhi, na faraja yake haikawii. Basi mtu asione haya kukirejea alichokizoea, kwani raha iliyokwisha kujaribiwa ni neema, wala haihitaji upya ili iwe halali.