Rafiki Anapotoka Katika Rehani



Kujenga nyumba ni kazi kubwa, na deni la kujengea ni mzigo mzito. Si ajabu basi kuona marafiki wawili wakiunganisha nguvu: wanunua kiwanja kwa majina yao yote mawili, wakopa benki kwa sahihi zao zote mbili, na nyumba yenyewe yawekwa rehani mpaka deni litakapokwisha. Hatuwalaumu. Kusaidiana ni jambo jema. Lakini leo twataka kusema juu ya siku ile ambayo mmoja wao ataka kutoka, maana siku hiyo ndipo haki na upendo hupimwa.

Tutwae mfano. Watu wawili, marafiki tangu shuleni, wamejenga nyumba mjini Mbinga. Mmoja ni mkulima wa kahawa, mwenzake ni mfanyabiashara. Baada ya miaka michache yule mfanyabiashara aoa, ahamia Mbamba Bay, anunua mashua na nyavu. Amwambia mwenzake, "Nyumba ni yako sasa, mimi nimetoka." Wapeana mikono, wala hapana karatasi iliyoandikwa. Je, ametoka kweli?

Hakutoka. Kupeana mikono kwawafunga wao wawili tu, benki haikuwapo. Kwake anayekopesha, aliyetia sahihi ni mdaiwa mpaka deni lote lilipwe, au benki yenyewe imwachilie kwa maandishi. Mkulima hupata fedha yake kahawa inapouzwa, lakini benki hudai kila mwezi. Bei ikianguka, barua ya madai itamfuata hata yule wa ziwani. Naye aliyebaki akaa katika nyumba asiyoweza kuiuza bila sahihi ya mtu aliye mbali. Akifa mmoja wao, wajane na yatima ndio watakaorithi ugomvi.

Wengine hujifariji wakisema kwamba hata benki hufa. Watu wa Mbinga wayajua hayo. Mwezi wa Mei 2017 Benki Kuu iliifutia leseni Benki ya Wananchi Mbinga, na Bodi ya Bima ya Amana ikawekwa kuwa mfilisi. Lakini benki ikifa, deni halifi. Kazi ya mfilisi ni kukusanya yale waliyokopa watu, ili wenye kudai walipwe, nao wenye akiba wamo. Fedha uliyokopa haikuwa ya ukuta wa benki. Ilikuwa ya jirani yako.

Basi, yafaa kufanya nini?

Kwanza, waende benki wote wawili, wakiwa bado wanasalimiana. Benki itapima kama anayebaki aweza kulipa peke yake. Akiweza, mkopo mpya waweza kuandikwa kwa jina lake peke yake, na ule wa kwanza ukafutwa. Asipoweza, benki ina haki ya kukataa. Hapo watafute mtu mwingine atakayekubaliwa kushika mahali pa anayetoka, au wavumilie pamoja, au waiuze nyumba na kulipa deni.

Pili, nyumba ithaminiwe na mthamini anayetambuliwa na sheria. Ikiwa thamani yake ni shilingi milioni 40, na deni lililobaki ni milioni 16, mali yao halisi ni milioni 24. Kama walichangia sawasawa, anayetoka astahili milioni 12, wala si 20, wala si asante tupu.

Tatu, uhamisho wa jina uandikishwe kwa Msajili wa Hati, kodi na ushuru vikiwa vimelipwa. Ikiwa ardhi ni ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji ndiyo ya kuiendea. Anayetoka asirudi kwake bila barua ya benki ya kumwachilia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, wake wasifichwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuiweka rehani nyumba ya familia pasipo ridhaa ya mwenzake. Mume anayetia sahihi gizani aweka rehani usingizi wa watoto wake.

Kuna wanaodhani kwamba kudai karatasi kwa rafiki ni kumtukana. Sivyo. Katika Kitabu cha Tobiti twasoma jinsi Tobiti alivyoweka fedha kwa Gabaeli huko Media. Hati ilikuwako, na miaka mingi baadaye, hati ilipopelekwa, fedha ikarudishwa yote, mifuko ikiwa na mihuri yake. Walikuwa ndugu, wala hati haikuutia doa undugu wao, iliulinda.

Amri ya saba yawahusu wote wawili. Anayetoka na kumwachia mwenzake mzigo kwa siri amwibia. Anayebaki, akiona mwenzake ana haraka, akamnyima fungu lake, naye aiba. Abramu alipoona kwamba yeye na Lutu hawawezi tena kukaa pamoja, hakungoja wachungaji wao wauane. Alimpa Lutu nafasi ya kuchagua kwanza. Kuachana si dhambi. Dhambi ni kuachana kwa hila.

Tazameni mashamba ya ngoro katika milima ya Umatengo. Kila shimo lina matuta yake, na tuta moja hulinda mashimo ya pande mbili. Ukilibomoa bila kulijenga upya, mvua itachukua udongo wa jirani pamoja na wako. Ndivyo ilivyo sahihi ya rafiki katika rehani. Anayetaka kuiondoa aiondoe kwa utaratibu, mchana kweupe, wenzi wao na benki wakishuhudia, kabla mvua haijanyesha.

Dawa ya deni ni kulipa. Mwenye jina katika rehani ya mwenzake asilale juma hili bila kumwendea. Mungu azijalie nyumba zetu amani.