Kwenda Ng'ambo Kujifunza Miti
Yafaa mzazi wa Bukoba au Muleba ampeleke mwanawe ng'ambo kujifunza utunzaji wa miti? Yafaa, ingawa gharama si ndogo. Lakini mwana huyo asijidhani aondoka mikono mitupu. Wangari Maathai wa Kenya alikwenda Marekani mwaka 1960, akasoma elimu ya viumbe katika chuo cha masista, Kansas. Utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni za mti wa mugumo. Baadaye elimu ikamfunulia kwamba mizizi yake hushika udongo na kulinda maji. Aliporudi, mwenye shamba mpya alikuwa ameukata apande chai, na kijito kikakauka. Amri ya mama iliulinda mti kabla sababu haijajulikana. Basi kijana aulize kwanza nyumbani: muhumula huu kibanjani, juu ya mibuni, uliachwa kwa nini?