Ni Nani Apimaye Mwendo?



Imekuwa ada ya vijana wetu, na hata watu wazima, kukusanyana Jumamosi au Jumapili wakatoka mjini kwenda kutazama maajabu ya Mwenyezi Mungu. Wengi wa Mombasa huvuka feri ya Likoni, wakashika njia ya kusini mpaka Kombani, wakapinda kupanda Kwale kwenye milima ya Shimba, ili wayaone maporomoko ya maji yaitwayo Sheldrick. Ni jambo jema. Qurani Tukufu imetuhimiza tutembee katika ardhi na tuzingatie. Na mtu atazamaye maji yakianguka kadiri ya mita 20 katikati ya msitu, kisha asimkumbuke Aliyeyateremsha, huyo amechosha miguu yake bure.

Leo nataka tuzungumze juu ya hao waendao pamoja, na suali moja linalowakuta njiani. Watu kumi wametoka pamoja, na mmoja wao ni mzito wa mwendo: pengine ni mtu mzima, pengine ana pumu, pengine goti lamuuma. Je, wale tisa wamfuate mwendo wake, au watangulie, yeye awakute mbele?

Wenye nguvu wana hoja zao. Husema siku ni moja, nauli tumetoa sawa, jua halimngoji mtu, na kila mtu ana miguu yake. Tena husema: hatumtupi, tutamngojea kivulini. Haya, natuzipime hoja hizo.

Njia ya Sheldrick huanzia juu, kwenye kilima kiitwacho Elephant Hill, na watu huteremka kadiri ya kilomita 2 wakimfuata askari wa wanyama mwenye bunduki, kwani msitu ule una ndovu. Basi wakati wa kwenda wote huwa sawa, maana mteremko humbeba kila mtu. Taabu iko kurudi. Njia ile ile sasa imegeuka mlima, jua liko utosini, na aliyekuwa akicheka pamoja nanyi asubuhi sasa ahema, na aona haya kusema. Hapo ndipo sahibu hujulikana. Wanazuoni wamesema safari iliitwa safar kwa kuwa hufichua tabia za watu. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliposikia mtu akimshuhudilia mwenziwe wema, alimuuliza kama amekaa naye jirani, kama amefanya naye biashara ya fedha, na kama amesafiri naye. Mtu yule aliposema la, Sayyidna Umar alimwambia kuwa basi hamjui.

Ama hiyo ya kumngojea kivulini, itazame vyema. Wenye nguvu hufika mapema wakakaa, wakanywa maji, wakavuta pumzi. Mnyonge atokeapo, wao husimama na kusema, "Haya, umefika, twendeni." Yule aliyekuwa na haja ya kupumzika hakupumzika, na wasiokuwa na haja wamepumzika kwa niaba yake. Na kila kituo humkuta amechoka zaidi kuliko kituo cha nyuma. Hiyo kwa jina ni ngojea, lakini kwa kweli ni kumkokota mtu.

Sasa natuitazame dini yetu. Adhuhuri itawakuta huko huko. Kutoka Mombasa hadi Kwale ni kadiri ya kilomita 30, nazo hazifiki marhala mbili za madhehebu yetu ya Kishafii, ambazo ni kilomita 80 na ushei. Kwa hiyo mtasali rakaa nne kamili, wala hamna ruhusa ya kupunguza. Lakini imamu wenu ameamrishwa asiwarefushie watu, kwani nyuma yake mna mnyonge, na mgonjwa, na mwenye haja. Na Uthman bin Abil-As (R.A.) alipoomba awe imamu wa watu wake, Mtume (S.A.W.) alimkubalia, na akamuusia awaangalie walio dhaifu, sala yake aipime kwao. Ikiwa sala, ambayo ni nguzo ya dini, hupimwa kwa mnyonge, je, matembezi ya kutazama maji yapimwe kwa mwenye mbio?

Tena Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) safarini alikuwa akibaki nyuma, akimsukuma aliye dhaifu, akimpakia nyuma yake juu ya mnyama, na akiwaombea dua. Naye alikuwa kiongozi wa jeshi zima! Sisi hudhani heshima iko mbele.

Na mnyonge naye ana wajibu wake. Aeleze hali yake kabla ya kutoka, siyo katikati ya mlima. Akijua hawezi kabisa, abaki juu akitazama bahari kwa mbali, wala asijitie hatarini kwa kuona haya. Lakini akisha kuambiwa, "Njoo, twende sote," basi neno lile ni ahadi, na wenziwe wameshajifunga nayo.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa watatu wakisafiri wamweke mmoja wao amiri. Basi, ndugu msomaji, mtakapopanga safari yenu, kabla ya kuulizana nani ana gari na nani atapika pilau, mchagueni amiri wenu. Naye amweke mzito mbele, nyuma ya askari, mwendo wake uwe mwendo wa wote. Na aliye na nguvu kushinda wenziwe akae mwisho kabisa, amebeba chupa ya maji ya akiba.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa masahibu wema, njiani na majumbani. Amin.