Jani Safi

Msimu mmoja nilifanya kibarua cha kuandika alama katika mashamba ya majaribio ya ngano huko Njoro. Mtaalamu alitangulia, akainama kwenye kila mstari na kutamka namba na herufi. Mimi nilimfuata na daftari. Namba ni asilimia ya mmea iliyoshikwa na kutu, herufi inaeleza aina ya vipele. Kufika jioni, suruali yangu ilikuwa imejaa unga wa rangi ya matofali.

Siku ya kwanza kuna kitu kilinikera. Katikati ya vitalu kulikuwa na mistari ya ngano dhaifu, imepandwa makusudi ili iugue, na baadhi ya mashina yalikuwa yamedungwa sindano ya maji yaliyochanganywa na unga wa kutu. Nikauliza, "Sasa si mnaleta ugonjwa wenyewe?"

Akacheka. "Bila hii mistari utajuaje? Ukiona jani safi, huenda mmea una nguvu. Huenda pia ugonjwa haukuufikia tu. Kwa macho hutaona tofauti."

Hakuwa anatania. Mwaka 1998 kule Uganda iligunduliwa kutu ya shina ambayo baadaye iliitwa Ug99. Ilishinda kinga ya jeni iitwayo Sr31, ambayo wazalishaji wa mbegu katika nchi nyingi walikuwa wakiitegemea. Ngano iliyosifiwa kwa miaka kumbe ilikuwa haijakutana na adui wake. Ndiyo maana mbegu za nchi nyingi huletwa Njoro kujaribiwa, misimu miwili kwa mwaka.

Maneno ya yule mtaalamu yalinirudisha kwenye chama chetu. Mweka hazina wetu wa zamani, mama anayeuza mboga, aliwahi kuchukua shilingi 4,000 kwenye sanduku usiku ambao mtoto wake alilazwa hospitalini. Kikao kilichofuata alisema mwenyewe, kabla ya mtu yeyote kuhesabu. Alilipa kwa miezi mitatu, mpaka shilingi ya mwisho. Uchaguzi ulipofika, mimi ndiye niliyesimama nikasema mchovya asali hachovyi mara moja. Watu wakaitikia kwa vichwa. Sanduku wakanipa mimi, kwa sababu sina doa.

Sina doa, kweli. Lakini sijawahi kulala na pesa za watu chini ya kitanda huku mtoto wangu akihema kwa shida. Usafi wangu ni nguvu, au ni kukosa kufikiwa? Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliliita jambo hili bahati ya kimaadili: tunahukumiwa kwa mambo ambayo mengine hatukuyachagua, hata majaribu tuliyokutana nayo.

Simaanishi tuwatege watu. Mmea ukishindwa hutupwa, na mtu hatupwi. Wala sisemi kuchukua pesa za chama si kosa. Yule mama mwenyewe alisema ni kosa. Ninachosema ni kwamba maisha tayari yamepanda mistari yake ya ugonjwa, na hayakuipanda sawasawa. Anayeuza mboga hujaribiwa kila jioni akihesabu mauzo. Mwenye mshahara na bima ya afya anaweza kuzeeka bila kujaribiwa, akadhani hiyo ni tabia njema.

Tena daftari langu lilikuwa na mimea iliyoshikwa kidogo, kutu ikaenda polepole, na bado ikajaza punje. Hiyo haikutupwa. Mtaalamu aliipenda kuliko nilivyotarajia, kwa maana hiyo alikuwa ameiona ikipigana.

Jumapili tuna kikao. Nitaliweka sanduku mezani na kuwaambia kwamba mimi nilipewa alama bila kujaribiwa, na yeye alinyimwa baada ya kujaribiwa na kurudi. Wakiamua vingine, ni haki yao. Ila ule msemo wa asali nitauomba radhi mbele ya wale wale walioitikia.