Je, Ngano ya Kinyonga ni Uwongo?

Huenda, msomaji, umepata kuisikia ngano hii ulipokuwa mdogo. Hapo kale Mungu alimtuma kinyonga kwa watu, akawaambie kwamba hawatakufa. Kinyonga akashika njia kwa mwendo wake uleule tunaoujua, mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukisitasita hewani, na njiani akasimama kula matunda. Nyuma yake akatumwa mjusi na habari iliyo kinyume cha ile ya kwanza, kwamba watu watakufa. Mjusi akapiga mbio, akafika, akasema neno lake. Kinyonga alipowasili alikuta watu wamekwisha kulipokea neno la mjusi, na neno lililokwisha kupokewa halikuweza kurudishwa.

Hivyo ndivyo Wazulu wa Afrika Kusini walivyomsimulia mmisionari Henry Callaway, aliyeyaandika maneno yao kwa lugha yao wenyewe, akaanza kuyachapisha mwaka wa 1868. Wakamba wa nchi yetu wanayo ngano iliyo ndugu ya hiyo, ila kwao mjumbe mwepesi ni ndege, na kinyonga, juu ya uvivu wake, ana kigugumizi.

Nina sababu ya kuikumbuka ngano hii. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu nilipelekwa katika shule moja ya msingi kufanya mazoezi ya kufundisha. Siku moja somo lilihusu viumbe vyenye uhai, nami nikauliza darasa kwa nini viumbe hufa. Mvulana mmoja alisimama, akaisimulia ngano ya kinyonga na ndege tangu mwanzo hata mwisho. Wenziwe walicheka. Nami, kwa fahari ya mtu aliyesoma vitabu viwili vitatu, nikamwambia kwamba hayo ni uwongo wa kale, aketi. Aliketi. Mchana ule mwalimu wa darasa aliniambia kuwa mwezi uliotangulia mtoto yule alifiwa na dada yake mdogo, na kwamba ngano ile alisimuliwa na bibi yake usiku wa maziko.

Tangu siku ile nimelirudia jibu langu mara nyingi, nami naona lilikuwa na kosa lililozidi ukosefu wa huruma. Lilikuwa kosa la akili. Mwongo ni mtu aijuaye kweli akaificha ili apate faida. Bibi yule alificha nini? Alipata faida gani? Walakini ngano yake si taarifa pia. Hakuna mzee wa Ukambani aliyetarajia kuulizwa kinyonga alipita bonde gani, siku gani, saa ngapi. Ukiihoji ngano kama shahidi anavyohojiwa mahakamani, itashindwa kila mara, nawe utaondoka ukidhani umeshinda kesi, kumbe hapakuwa na kesi.

Ngano za namna hii, ambazo wataalamu wa fasihi huziita visasili, ni majibu. Basi kabla ya kulihukumu jibu, yatupasa kulitafuta swali. Mimi niliuliza swali la mwalimu wa sayansi, na kwa swali hilo kinyonga si jibu. Mtoto alikuwa akijibu swali jingine. Daktari aweza kueleza homa iliyomwua dada yake, ilivyoingia mwilini na ilivyoshinda damu. Maelezo hayo ni ya kweli, tena ni ya lazima, kwa maana ndiyo yatakayowaokoa watoto wengine. Lakini mtu akiisha kuyasikia yote, bado hubaki ameketi pale mlangoni, akiuliza kwa nini lazima iwe hivi.

Swali hilo halikuulizwa na Wakamba na Wazulu peke yao. Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika walisimulia kwamba Mwezi, ambao hufa na kuzaliwa tena, uliwapelekea watu habari kuwa wao nao watakufa na kufufuka. Mjumbe alikuwa mdudu. Sungura akamkuta njiani, akajitia kuwa mwepesi zaidi, akaichukua habari, akaifikisha imepinduka: mtakufa, na ndio mwisho. Mwezi kwa hasira ukampiga mdomoni, na mpaka leo mdomo wa sungura umepasuka.

Mbali zaidi, katika nchi ambayo sasa ni Iraki, habari za mfalme Gilgamesh ziliandikwa juu ya mabamba ya udongo kabla ya kuzaliwa kwa Yesu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Rafiki yake Enkidu alipokufa, Gilgamesh alikataa kumzika kwa siku sita na usiku saba, mpaka funza akamdondoka maiti puani. Ndipo akaingiwa na hofu, akatoka kwenda kuutafuta uzima hata mwisho wa dunia. Mwishowe alipata mmea wa kurudisha ujana, akautoa chini ya maji. Akiwa njiani kurudi kwao aliona dimbwi la maji baridi, akaingia kuoga. Nyoka akanusa harufu ya mmea, akaunyakua, na alipokuwa akienda zake akajivua gamba. Mfalme aliyejenga kuta za Uruk akaketi akalia.

Nakuomba uangalie udogo wa sababu hizi. Tarishi alisimama kula matunda. Sungura alipinduapindua maneno. Mtu alioga kwa kuwa aliona maji baridi. Katika ngano hizi hakuna anayesema kwamba binadamu alistahili kufa, wala kwamba mauti ni jambo la haki. Zote zasema kwamba ilikuwa karibu tusife. Uzima ulikuwa umekwisha kutumwa, ukakosea njia kwa jambo dogo. Aliyepata kufiwa aijua fikira hii, kwa kuwa ndiyo inayomkesha usiku: laiti tungaliondoka mapema, laiti gari lingalikuja, laiti nisingalilala. Bibi yule hakumwambia mjukuu wake kwamba dada yake alikufa kwa kuwa alikosa. Alimwambia kwamba msiba wake ni wa watu wote, na kwamba ulianza kwa ucheleweshaji.

Hata Plato, mwanafalsafa wa Wagiriki, aliyetaka ngano za washairi zichujwe kabla hazijawafikia watoto, alipoufikia mwisho wa kitabu chake kikubwa juu ya haki na dola, alikifunga kwa ngano.

Lakini utaniuliza: je, basi kila ngano ni njema, tuipokee tu kwa kuwa ni ya wazee? La. Jibu laweza kuwa na hekima upande mmoja na udhalimu upande wa pili. Mshairi Hesiod wa Ugiriki alisimulia habari za Pandora, mwanamke wa kwanza, aliyefunua mtungi (ulikuwa mtungi, wala si sanduku kama isemwavyo leo) maradhi na taabu zikatoka, tumaini likabaki ndani. Huyo Hesiod hakuficha kwamba aliwaona wanawake kuwa balaa. Ngano ilimpa mahali pa kuweka lawama aliyokuwa nayo tayari. Baganda nao husimulia jinsi Kintu na mkewe Nambi walivyoonywa wasirudi nyuma watokapo mbinguni, na jinsi safari ilivyorudiwa kwa ajili ya wimbi la kuku waliosahau, Walumbe, yaani Mauti, akawafuata. Ni nani aliyerudi? Masimulizi yanayosikika sana leo husema ni Nambi. Yako mengine yaliyoandikwa zamani yasemayo kwamba ni Kintu mwenyewe, na mkewe ndiye aliyemkataza. Wimbi ni lilelile, mauti ni yaleyale. Kilichobadilika ni kidole kinakoelekea. Hapo msimuliaji alichagua, na mtu achaguaye aweza kuulizwa sababu.

Vivyo hivyo kwa kinyonga wetu. Katika sehemu nyingi za Afrika kiumbe huyu asiye na sumu huchukiwa na kuuawa, na watu husema ndiye aliyetuletea mauti. Mwaka uliopita niliwakuta wanafunzi watatu nyuma ya bweni wamemzunguka mmoja juu ya ua wa michongoma. Mkubwa wao alikuwa ameinua jiwe. Nilimwuliza kosa la mnyama yule. Akanijibu kwa heshima, kama ninavyofundisha, akaieleza ngano yote barabara, na safari hii sikumwambia mtu kwamba ni uwongo. Nilimwuliza neno moja tu: katika ngano hiyo, kinyonga alikuwa amebeba habari gani?

Alifikiri kwa muda. Kinyonga alikuwa amegeuza jicho moja kwetu na jingine kwenye majani.

“Ya uzima, mwalimu,” alisema, akalitupa jiwe mtaroni.